Uzi: Programu ya simu ya kukagua magari inayofanya kazi bila mtandao, tuijengeje isipoteze ripoti?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naona vijana wengi wanatengeneza programu za ukaguzi wa magari, na karibu wote wanaanzia pale pale: ukurasa wa kuingia, fomu, kitufe cha kutuma. Suala la mtandao kukatika wanalisogeza mwisho, eti litaongezwa baadaye. Nimeleta uzi huu kwa sababu jambo hilo haliongezeki baadaye. Programu iliyozoea kuiuliza seva kila kitu, ukitaka ijitegemee utaijenga upya.

Fikirini gari linakokaguliwa. Maegesho ya chini ya ardhi, zege juu na pembeni. Ghala la mabati. Shimo la ukaguzi, mkaguzi yuko chini na tani kadhaa za chuma ziko juu ya kichwa chake. Yadi iliyo mbali na mnara. Humo simu inaweza kuonyesha alama za mtandao na bado hakuna kinachopita, hali mbaya kuliko kukosa mtandao kabisa. Programu inaamini iko hewani, inasubiri, mkaguzi naye anasubiri, na dereva anataka kuondoka. Mkaguzi akisharudi kwenye karatasi siku hiyo, kumrudisha kwenye simu ni kazi.

Msimamo wangu ni huu: ripoti izaliwe, ikamilike na isainiwe ndani ya simu, na seva ipokee nakala. Mtandao ni tarishi. Akichelewa, barua imeshaandikwa.

Tuanze na kuhifadhi. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe, inapatikana Android na iOS na inatosha kabisa kwa kazi hii. Kila jibu liandikwe humo papo hapo mkaguzi anapoligusa, msisubiri kitufe cha "Hifadhi". Sababu kubwa ni kamera. Kwenye Android, ukifungua kamera ya simu, programu yako inakwenda nyuma, na simu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuiua ili kamera ipate nafasi. Mkaguzi anapiga picha ya bomba la breki linalovuja, anarudi, anakuta fomu tupu. Majibu yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda yamekwenda. Yaliyokuwa kwenye SQLite yanasomwa upya na fomu inafunguka pale pale alipoishia. Washeni pia hali ya WAL, inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ili kazi ya kutuma inaposoma hifadhidata isiizuie fomu kuandika.

Utambulisho wa ripoti utolewe na simu, tangu ripoti inapofunguliwa. Namba ya kusubiri kutoka seva haitakuja mkiwa shimoni. Tumieni UUID, utambulisho ambao simu inajitungia yenyewe: ina biti 128, na simu mbili zisizojuana hazitagongana. Toleo la 7, lililowekwa rasmi kwenye waraka wa viwango vya intaneti RFC 9562 mwaka 2024, linaanza na muda, hivyo rekodi mpya zinajipanga kwa mfuatano kwenye faharasa ya seva badala ya kutawanyika. Namba fupi ya kusomewa mteja kwenye simu seva inaweza kuitoa baadaye.

Mkaguzi akisaini, mambo mawili yafanyike ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: ripoti ifungwe, na mstari uingie kwenye jedwali la foleni ya kutuma. Kimoja kikishindikana, vyote vishindikane. La sivyo ipo siku betri itazima katikati, na mtakuwa na ripoti iliyofungwa isiyo kwenye foleni yoyote, ambayo hakuna atakayejua kwamba haijatumwa.

Kutuma kwenyewe ndiko kwenye mtego. Simu imetuma, seva imepokea na kuandika, kisha jibu la "nimepokea" likapotea njiani. Simu haijui lolote, inatuma tena. Seva isiyojipanga itakuwa na ripoti mbili za gari moja kwa saa ile ile, na hapo ofisini wanaanza kuulizana ipi ya kweli. Dawa ni seva kuitambua UUID: ombi likirudiwa mara kumi, matokeo yawe ya mara moja, na jibu liwe stakabadhi ile ile.

Na stakabadhi iwe stakabadhi kweli. Jibu la 200, yaani "sawa" ya seva, peke yake halitoshi. Linaweza kutoka kwenye proksi iliyo mbele ya seva, na kama bado mnatumia HTTP tupu linaweza hata kutoka kwenye ukurasa wa kuingia wa Wi-Fi ya wageni. Seva irudishe UUID ya ripoti pamoja na alama ya SHA-256 ya kile ilichokiandika, yaani ufupisho unaobadilika data ikibadilika hata kidogo. Simu ilinganishe, zikifanana ndipo ripoti itoke kwenye foleni.

Picha zitenganisheni na ripoti. Maandishi ya ukaguzi mzima ni kilobaiti chache, yanapenya hata kwenye mtandao dhaifu. Picha ya megapikseli 12 ni megabaiti kadhaa. Mkivifunga pamoja, picha moja nzito itaizuia taarifa kwamba gari lina breki mbovu. Maandishi yatangulie na orodha ya picha zinazokuja, picha zifuate moja moja kwa njia inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, kama itifaki ya tus. Punguzeni upande mrefu hadi pikseli 1600 au 2000 kabla ya kuhifadhi, ila pimeni kwa tairi: kama tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa hazisomeki kwenye picha, mmepunguza mno. Muda na mahali viandikwe kwenye hifadhidata pia, maana maktaba nyingi za kupunguza picha hudondosha EXIF, yaani taarifa hizo zinazokaa ndani ya faili la picha.

Naomba kuwasilisha. Walioko yadini na walioko kwenye seva, karibuni.

#2 Mkaguzi wa yadi

Mkuu, uzi umeshiba. Mimi si mtu wa kuandika programu, nakagua malori, naomba niseme upande wetu.

Mikono yetu ina grisi na mara nyingi imevaa glovu. Mkono mmoja umeshika tochi. Vitufe viwe vikubwa, na maswali yafuate njia tunayotembea kulizunguka gari: mbele, ubavu wa kushoto, nyuma, ubavu wa kulia, ndani, kisha chini. Programu inayoniuliza taa za mbele, halafu breki ya mkono, halafu indiketa za nyuma, inanizungusha bure. Nikichoka nitajaza kwa kichwa badala ya kwa macho, na hapo ukaguzi umekufa.

Jingine, msiweke kitufe cha "vyote vizima". Kikiwepo kitabonyezwa.

Na vipimo mtuachie tuandike namba. Kina cha kashata za tairi kikiwa milimita 2.1, andika 2.1. Uingereza na Umoja wa Ulaya kiwango cha chini kwa magari madogo ni milimita 1.6, kwa hiyo tairi hiyo "imepita". Lakini msimamizi akiona 2.1 anajua inakaribia kuisha. Akiona tiki hajui kitu.

Sasa swali langu. Lori kubwa tunalikagua wawili. Mmoja yuko chini, mwingine yuko kwenye kabini, kila mtu na simu yake, wote bila mtandao. Programu itafanyaje?

#3 Mleta uzi

Mkuu hapo #2, asante sana. Hilo la kulizunguka gari watengenezaji tulichukue lilivyo, na la namba pia: ukihifadhi 2.1, kanuni ikibadilika kesho unaweza kuzipima ripoti zote za nyuma kwa kiwango kipya.

Kuhusu wakaguzi wawili. Kosa ni kuichukulia ripoti kama ukurasa mmoja unaohaririwa na watu wawili. Kila jibu liwe rekodi yake: kipengele gani, nani kajibu, saa ngapi, kwenye simu ipi. Wa chini ya lori ana majibu yake, wa kabini ana yake, yote yanabeba UUID ya kazi moja ambayo simu ya pili iliipata kwa kuskani QR kwenye kioo cha simu ya kwanza. Hiyo haihitaji mtandao. Yakifika seva yanakaa pamoja, na hakuna linalofuta jingine.

Ikitokea wote wamejibu kipengele kimoja na hawakubaliani, majibu yote mawili yabaki na msimamizi aitwe. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2014/45 yanagawa kasoro katika ngazi tatu: ndogo, kubwa na ya hatari. Mmoja kaandika "ndogo" na mwingine "hatari" kwenye bomba lile lile la breki. Mimi siwezi kukubali kompyuta ichague moja kimya kimya. Wakati wa kusubiri msimamizi, gari lihesabiwe kwa ile ngazi kali zaidi.

Na ripoti ikishasainiwa haiguswi. Marekebisho yaingie kama nyongeza yenye jina na sababu, ya awali ibaki ikisomeka. Ukaguzi ni ushahidi wa hali ya gari saa fulani, na siku ya ajali utatafutwa.

#4 Fundi seva

Mleta uzi, nakubaliana na mengi ila hapa unalifanya jambo liwe gumu kuliko lilivyo. Mifumo mingi inatumia kanuni ya "wa mwisho kuandika ndiye anayeshinda" na inafanya kazi. Pili, ofisini watu wanabadilisha taarifa za gari wakati mkaguzi yuko nje. Namba ya usajili imerekebishwa, gari limehamishiwa kwa mteja mwingine. Huko nyongeza zako zitasaidia nini?

#5 Mleta uzi

Mkuu, swali la pili lina uzito, nianze nalo. Data ziko za aina mbili na njia zake ni mbili. Orodha ya magari, wateja, fomu na viwango ni mali ya seva: vinashuka kwenye simu, na mkaguzi havihariri. Majibu, picha na saini ni mali ya simu: vinapanda, na ofisi haivihariri. Mkaguzi akiona namba ya usajili si sahihi, anaandika "nimeona tofauti, hii hapa na picha yake", na ofisi inaamua. Kila ripoti ibebe nakala ya taarifa za gari zilivyokuwa siku ya ukaguzi, ili gari likibadilisha mwenyewe ripoti ya zamani isibadilike nalo. Ukiigawa hivi, migongano mingi inaisha kabla hujaandika mstari wa kuisuluhisha.

Kuhusu wa mwisho kushinda: nani wa mwisho? Kwa saa ya nani? Saa ya simu mtu anaibadilisha kwenye mipangilio, au inajirudisha yenyewe betri ikiisha kabisa. Mimi naandika saa tatu: saa ya simu, hesabu ya muda tangu simu iwashwe (Android inaitoa kwa elapsedRealtime, na mtumiaji hawezi kuirudisha nyuma), na saa ambayo seva ilipokea. Simu ikifanikiwa kuzungumza na seva kabla ya kuzimwa, tofauti kati ya saa yake na ya seva inajulikana na muda wa kila jibu unakokotolewa. Kanuni yako itumike kwenye mapendeleo, kama lugha ya programu au ukubwa wa maandishi. Kwenye breki hapana.

#6 Fundi seva

Hapo kwenye mali ya seva na mali ya simu umenishawishi. Niongeze la upande wangu: tofautisheni makosa. Seva ikiwa imelemewa na ikajibu 503, simu isubiri na kurudia, kila mara ikiongeza muda wa kusubiri na kuuchanganya kidogo, maana wakaguzi wote wakirudi yadini jioni simu zao zitapiga hodi kwa pamoja. Lakini seva ikisema 422, yaani ripoti yenyewe ina tatizo, kurudia hakutasaidia. Isogezeni pembeni, mwonyesheni mtu, na zilizo nyuma yake zipite. Nimeona foleni nzima imesimama nyuma ya rekodi moja iliyokataliwa. Na ile iliyokataliwa isifutwe kwa hali yoyote.

#7 Mwanafunzi wa programu

Samahanini wakuu, mimi najua kutengeneza tovuti. Siwezi kufanya yote haya kwenye kivinjari, nikaepuka kuandika programu ya Android na ya iOS?

Pia namba ya chesisi inanisumbua, watu wanaikosea kila siku.

#8 Mleta uzi

Karibu sana mdogo wangu, usiombe samahani.

Kivinjari kinaweza mengi: service worker itafungua kurasa bila mtandao na IndexedDB itahifadhi majibu na picha. Tatizo ni dhamana. Tangu 2020 Safari hufuta data zilizoandikwa na tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za kutumia kivinjari hicho. Tovuti iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo ina hesabu yake na inapona, lakini wewe huna uhakika kama mkaguzi ameiweka huko. Background Sync, ile ya kutuma baada ya ukurasa kufungwa, Chrome inayo, Safari haina. Kwa orodha ndogo ambayo ikipotea inajazwa tena, tumia kivinjari. Kwa ripoti yenye saini, andika programu ya simu, hata kwa Flutter au React Native ambako msimbo mmoja unahudumia pande zote mbili.

Usidhani lakini kwamba programu ya simu inatuma itakavyo. Android tangu toleo la 6.0 inailaza simu iliyotulia. Utatumia WorkManager, kipanga kazi cha Android, uipe sharti la kuwepo mtandao, na kazi ya kujirudia haiwezi kuwa chini ya dakika 15. Kwenye iOS kuna BGTaskScheduler kwa kazi hiyo hiyo tangu iOS 13, na mfumo ndio unaochagua saa. Kwa hiyo tuma pia kila programu inapofunguliwa, na weka kitufe cha "Tuma sasa". Muhimu kuliko hayo yote, onyesha hali ya kila ripoti kwa maneno ya wazi: "Ipo kwenye simu", "Inasubiri", "Imefika seva, picha 3 bado". Mkaguzi asiyejua kazi yake iko wapi atapiga picha za kioo cha simu na kuzirusha WhatsApp, na kazi nzima ya kuilinda ripoti itakuwa imepita pembeni.

Namba ya chesisi unaweza kuikagua ndani ya simu bila kumwuliza yeyote. Kwa kiwango cha ISO 3779 ni herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Mtu akiandika O, mwambie hapo hapo. Magari ya soko la Amerika Kaskazini yana ulinzi zaidi: nafasi ya 9 ni tarakimu ya kuhakiki. Kila herufi inageuzwa namba, inazidishwa kwa uzito wa nafasi yake, jumla inagawanywa kwa 11, na baki ndiyo inayokaa hapo. Baki ikiwa 10 inaandikwa X. Ila magari mengi ya masoko mengine hayafuati hesabu hiyo, hivyo ikikataa mpe mkaguzi onyo aangalie tena, usimfungie mlango. Na magari ya zamani yanaweza kuwa na namba fupi kuliko 17, waachie nafasi ya kuandika kilichochongwa kwenye chuma pamoja na picha yake.

#9 Dada wa majaribio

Kaka zangu, kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijatoka. Kuna mambo hamjayagusa.

La kwanza ni fomu inayobadilika. Ofisi inaongeza swali leo, na kuna simu iko nje na ripoti za fomu ya jana hazijatumwa. Kila ripoti ibebe namba ya toleo la fomu yake, na seva ikubali matoleo ya zamani. ODK, programu ya kukusanya data kwa fomu ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, inafanya hivyo kwenye fomu zake, na mnaweza kujifunza mengi kwa kuisoma. Programu yenyewe ikisasishwa, ubadilishaji wa jedwali la SQLite ujaribiwe kwenye simu yenye foleni iliyojaa. Kwenye simu tupu kila sasisho hupita.

La pili ni kuingia. Tokeni, yaani kibali cha kuingia, ikiisha muda mkaguzi akiwa porini, programu isimtoe nje wala kufuta data zake. Aendelee kukagua, akipata mtandao ndipo aombwe nywila, foleni ikiwa palepale. Mkitaka usalama, fungeni hifadhidata kwa SQLCipher, inayoisimba SQLite, na ufunguo uwe umelindwa na Android Keystore, hifadhi ya funguo ya simu. Simu ikiibwa, data hazisomeki kirahisi.

La tatu, hali ya ndege peke yake haitoshi kujaribia. Hiyo inamaanisha mtandao haupo na simu inajua haupo. Jaribuni mtandao unaopoteza pakiti nusu, unaochukua sekunde 40 kujibu, unaokatika baada ya seva kuandika na kabla ya kujibu. Kwenye Android washeni ile mipangilio ya wasanidi inayosema usihifadhi shughuli, kisha fungueni kamera katikati ya fomu. Jazeni simu hadi nafasi iishe, halafu pigeni picha ya ishirini. Zimeni simu wakati ripoti inafungwa.

Swali langu kwa mleta uzi: picha zilizokwishafika seva mnazifuta lini? Simu za wakaguzi zinajaa, nao wanaanza kufuta wenyewe.

#10 Mleta uzi

Dada, umenisaidia kuliko unavyodhani. Hilo la kujaribu sasisho kwenye foleni iliyojaa nalichukua kama sharti.

Picha hazifutwi kwa sababu tu zimetumwa. Seva ikishapokea faili nzima inakokotoa SHA-256 yake, simu inalinganisha na ile iliyokokotolewa picha ilipopigwa. Zikifanana, picha inawekewa alama ya "inaweza kufutwa" na inakaa kwa muda ambao ofisi imeuweka, mimi napendelea wiki moja, ili hitilafu ya upande wa seva ikigundulika nakala iwepo bado. Nafasi ikibana, zenye alama zinaondoka kwanza, za zamani zikitangulia. Isiyo na alama haiguswi hata simu ikijaa. Badala yake programu ipime nafasi kabla ya kuanza ukaguzi mpya na iseme mapema kwamba haitoshi.

Kuhusu wakaguzi kufuta wenyewe, picha zikae kwenye hifadhi ya ndani ya programu, zisionekane kwenye galari. Linabaki la mtu kuondoa programu nzima au kubonyeza "futa data". Mtu akifanya hivyo Android inafagia kila kitu na huwezi kuizuia. Kwenye simu za kampuni, msimamizi wa vifaa anaweza kufunga uwezo huo. Kwenye simu binafsi, ile hesabu ya ripoti zinazosubiri iwekwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa namba kubwa, mkaguzi aione kila anapofungua.

#11 Mkaguzi wa yadi

Hiyo namba kubwa iweke na rangi, mkuu. Na iwe inasomeka juani.